Kutoka London Hadi Roma: Umbali, Muda wa Ndege na Afya ya Msafiri

Siku hizi si jambo la ajabu familia ya parokiani kuwa na ndugu ng'ambo. Mmoja ana binti muuguzi London, mwingine ana kaka padre anayesoma Roma, na mama wa tatu amealikwa kwenda kuona wajukuu. Mara nyingi msafiri akishafika Ulaya huambiwa, "Kutoka London mpaka Roma ni karibu tu." Katika somo la mwezi huu tutapima hilo "karibu" ni kiasi gani, ndege huchukua muda gani, na mwili wa binadamu hupatwa na nini ndani ya muda huo. Hata msomaji asiyetazamia kupanda ndege asifunge ukurasa, kwa sababu sehemu ya miguu inamhusu kila anayepanda basi la safari ndefu.

1. UMBALI

Ukipiga mstari ulionyooka juu ya tufe la dunia kutoka katikati ya jiji la London hadi katikati ya jiji la Roma, utapata zaidi kidogo ya kilomita 1,430. Ndege hufuata njia inayokaribiana na mstari huo. Huvuka bahari nyembamba inayotenganisha Uingereza na Ufaransa, hupita juu ya Ufaransa, huvuka milima ya Alpi na kuteremka Italia. Kwa barabara umbali huongezeka na kuwa zaidi ya kilomita 1,800, maana gari haliwezi kuruka mlima wala bahari.

Njia hiyo ni ya zamani sana. Mwaka 990 Askofu Mkuu wa Canterbury aliyeitwa Sigeric alisafiri hadi Roma kupokea paliamu kwa Baba Mtakatifu. Wakati wa kurudi, vituo alivyopitia viliandikwa, na orodha hiyo ipo hata leo. Ni vituo karibu 80. Mahujaji wanaotembea njia hiyo kwa miguu huhesabu karibu kilomita 2,000 kutoka Canterbury hadi Roma. Mtu anayetembea kilomita 25 kila siku atahitaji siku 80. Leo safari hiyo ya karibu miezi mitatu imefupishwa ikawa muda wa kusoma gazeti na kunywa chai.

Kwa mwenda kwa miguu, mwili hupata nafasi ya kuzoea baridi, mwinuko na chakula kigeni kidogo kidogo. Kwa mpanda ndege, mwili huchukuliwa kwa ghafla. Ndiyo sababu tunahitaji somo hili.

2. MUDA

Ndege ya abiria ikiwa angani huenda kwa mwendo wa kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Mwanafunzi wa darasa la sita atagawanya 1,430 kwa 850 na kusema safari itachukua muda wa saa moja na dakika arobaini hivi. Lakini tiketi itaonyesha muda wa saa mbili na nusu. Je, dakika nyingine zimekwenda wapi?

Jibu ni hili. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa tena. Ndani yake kuna kujivuta uwanjani na kungoja zamu, kupanda juu kwa mwendo mdogo kuliko ule wa angani, na kupunguza mwendo wakati wa kuteremka. Mara nyingine ndege huzungushwa hewani ikingoja nafasi ya kutua. Pia ziko pepo za juu ambazo Ulaya huvuma zaidi kutoka magharibi. Pepo hizo humsaidia anayekwenda Roma na kumzuia anayerudi London, na kwa hiyo safari ya kurudi kwa kawaida huwa ndefu zaidi kwa dakika kumi au kumi na tano.

Kwa afya yako, usihesabu muda wa angani peke yake. Hesabu tangu unapofunga mlango wa nyumba mpaka unapoketi kwenye nyumba unayokwenda. Uwanja wa Stansted uko zaidi ya kilomita 50 kutoka katikati ya London, na ule wa Fiumicino uko karibu kilomita 30 kutoka Roma mjini. Ongeza saa mbili za kuwahi uwanjani kwa ukaguzi, na foleni ya pasipoti, maana nchi hizi mbili hazina mpaka wa pamoja na viza ya moja haimwingizi mtu katika nyingine. Ukijumlisha yote, safari ya "saa mbili na nusu" inakuwa ya saa saba au nane. Mgonjwa wa kisukari anayepanga chakula na sindano kwa kufuata tiketi tu atajikuta njaa imemkamata kwenye foleni.

3. HEWA NDANI YA NDEGE

Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli kwa ratiba. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Roma, kisha Beirut, Khartoum, Entebbe kwetu Afrika Mashariki, na Livingstone. Kwa hiyo kipande cha London hadi Roma ndicho kipande cha kwanza kabisa cha usafiri wa jeti, na siku iliyofuata watu wa Entebbe waliiona ndege hiyo hiyo.

Jeti hupenda kuruka juu sana, mita 10,000 na zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na ndege hula mafuta machache. Lakini mwanadamu hawezi kuishi huko. Kwenye mita 11,000 mgandamizo wa hewa hauzidi robo ya ule wa pwani, na baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri. Kwa hiyo wahandisi huifanya ndege iwe kama chupa iliyofungwa, na hewa husukumwa ndani ili watu wapumue.

Kujifunza jambo hilo kuligharimu maisha ya watu. Tarehe 10 Januari 1954, ndege ile ile iliyofanya safari ya kwanza iliondoka Roma kwenda London, ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba. Watu wote 35 walikufa. Madaktari wa Pisa waliochunguza maiti walikuta mapafu yamepasuka, dalili kwamba hewa ilitoka ndani kwa ghafla. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine iliyotoka Roma kwenda Cairo ilianguka baharini karibu na Napoli. Ndipo wataalamu wa Uingereza wakaitumbukiza bodi nzima ya ndege ndani ya tangi la maji, wakawa wanaujaza mgandamizo na kuutoa, tena na tena, mpaka bodi ikapasuka. Waligundua kwamba chuma huchoka. Kila safari ndege hutunishwa kidogo na kunywea kidogo, na nyufa huanzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa kwenye bodi. Ndege za baadaye zilijengwa na hukaguliwa kwa kufuata mafunzo hayo.

Sasa sikiliza jambo linalomhusu mgonjwa. Hewa inayosukumwa ndani ya ndege haifanywi iwe sawa na ile ya pwani. Huachwa iwe kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni kana kwamba umetolewa Dar es Salaam au Mombasa ukapelekwa Nyahururu kwa dakika ishirini. Mtu mwenye afya hasikii kitu, ingawa oksijeni katika damu yake hupungua kidogo. Mtu mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu au upungufu mkubwa wa damu hana akiba ya kupunguza, na anaweza kuzidiwa.

Tena hewa ikipungukiwa mgandamizo hutanuka. Hewa iliyomo tumboni hutanuka kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana tumbo hujaa ndani ya ndege. Siku ya safari afadhali upunguze maharage, kabichi na soda. Kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, au mwenye hewa iliyovuja kuzunguka pafu, kutanuka huko si jambo la kucheka. Kunaweza kufungua mshono au kuliminya pafu.

Hewa ya ndani pia ni kavu kuliko tuliyoizoea. Macho huwasha na midomo hukauka. Kunywa maji kidogo kidogo, na usijaze tumbo pombe.

4. BARAKOA YA OKSIJENI: VAA WEWE KWANZA

Kabla ya kuruka, wahudumu huonyesha jinsi ya kuvaa barakoa ya oksijeni, nao husema mzazi avae kwanza ndipo amvalishe mtoto. Kina mama wengi husikia vibaya. Mama gani atajitanguliza mbele ya mwanawe?

Sababu ni ya kitabibu. Ndege ikipoteza hewa yake kwenye mita 10,000 na zaidi, mtu hubaki na akili timamu kwa muda wa sekunde 30 hadi 60 tu. Mama akianza kupigana na mtoto anayelia na kukataa barakoa, huenda akazimia kabla hajamaliza, na hapo wote wawili hawana msaada. Akivaa kwanza, kwa sekunde tano tu, atakuwa na nguvu na akili ya kumwokoa mtoto.

Tarehe 14 Agosti 2005 ndege iliyotoka Larnaca, Saiprasi, kwenda Athens, safari fupi kuliko hii ya London na Roma, ilipaa huku kifaa cha kudhibiti hewa kikiwa hakikuwekwa sawasawa. Marubani hawakutambua maana ya kengele iliyolia, wakapoteza fahamu. Ndege ilijiendesha yenyewe mpaka mafuta yakaisha, na watu 121 walikufa. Ajali za namna hii ni chache mno ukilinganisha na safari za kila siku. Lakini zinatufundisha kwamba ukosefu wa oksijeni haumwonyi mtu kwa maumivu. Humlegeza tu, kama usingizi. Basi wahudumu wanapoonyesha, sikiliza.

5. MASIKIO YA MTOTO

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kimeunganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ndege inapopanda, hewa ya ndani ya sikio hutanuka na kutoka kwa urahisi. Ndege inapoteremka, hewa inapaswa kurudi ndani, na mrija hauipitishi kwa urahisi vile vile. Kiwambo huvutwa ndani na kuuma. Kwa safari ya London na Roma maumivu huja zaidi katika dakika ishirini hadi thelathini za mwisho.

Mtu mzima atafune kitu, ameze mate au apige miayo. Anaweza pia kufunga mdomo, kubana pua na kusukuma hewa polepole bila kutumia nguvu. Mtoto mchanga hawezi hayo. Mnyonyeshe wakati ndege inapoteremka, maana kumeza hufungua mrija. Akiwa amelala fofofo wakati huo, afadhali umwamshe anyonye. Mtoto anayelia wakati wa kutua si mkorofi, naye jirani amvumilie, kwa sababu sikio linamuuma na kulia kwenyewe kunamsaidia.

Mwenye mafua makali au sikio linalotoa usaha amwone daktari kabla ya kusafiri. Mrija uliovimba haufunguki.

6. MIGUU: SOMO LA NDEGE NA LA BASI

Damu hupanda kutoka miguuni kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya ndama za miguu. Ukikaa kwa muda mrefu bila kusogea, damu hutuama, na kwa watu wengine huganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Kipande cha damu hiyo kikichomoka, huenda hadi kwenye mapafu na kuziba njia. Mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti juu ya jambo hili. Ilionekana kwamba kusafiri kwa muda wa saa nne au zaidi ukiwa umekaa huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa watu wazima wenye afya bado hatari ni ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Safari ya London hadi Roma haifiki saa nne, kwa hiyo yenyewe haitishi. Lakini aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam usiku kucha, akaunganisha ndege ya Roma asubuhi, amekaa saa nyingi, na miguu yake haijui kwamba alibadilisha ndege.

Sikiliza tena, ndugu msomaji: utafiti ule ulihusu kukaa, haukuhusu kuruka. Hatari ile ile iko katika basi, treni na gari dogo. Basi la kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza huchukua zaidi ya saa kumi na mbili. Wanaotoka Mombasa kwenda Kisumu hukaa hivyo hivyo. Katika familia zetu walio wengi hukutana na hatari hii kwenye kiti cha basi, wala hawaijui jina.

Walio katika hatari zaidi ni mama mjamzito au aliyejifungua katika wiki sita zilizopita, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mnene kupita kiasi, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na aliyewahi kupata ugonjwa huu yeye au ndugu yake wa damu.

Kinga yake haina gharama:
(a) Kila nusu saa pindua nyayo juu na chini mara ishirini ukiwa umekaa.
(b) Basi likisimama, shuka utembee hata kama huna haja ya kujisaidia. Kwenye ndege tembea ujiani mkanda unaporuhusiwa kufunguliwa.
(c) Usiweke mzigo miguuni ukakosa nafasi ya kunyoosha.
(d) Kunywa maji. Wengi hujinyima maji wakiogopa kuomba dereva asimame. Ni kosa.
(e) Usimeze dawa za usingizi ukalala umejikunja safari nzima.

Dalili za hatari ni mguu mmoja kuvimba, kuuma kwenye ndama na kuwa na joto. Kupumua kwa shida ghafla, kichomi na kukohoa damu ni dalili mbaya zaidi. Zinaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya safari. Usiuchue mguu huo na usisubiri kesho. Nenda hospitali, na mwambie daktari kwamba ulisafiri.

7. SAA ZA UKUTANI NA SAA ZA DAWA

Saa za Roma hutangulia za London kwa saa moja, majira ya baridi na ya joto. Ukiondoka London saa 4:00 asubuhi utatua Roma saa 7:30 mchana kwa saa za pale. Inaonekana umesafiri saa tatu na nusu, kumbe ni mbili na nusu. Ukirudi kutoka Roma saa 9:00 alasiri, kwa safari ya saa mbili na dakika 45, utatua London saa 10:45 jioni. Hapo inaonekana umesafiri chini ya saa mbili.

Tofauti ya saa moja haimsumbui mtu kwa usingizi. Kwetu Afrika Mashariki tofauti na Roma ni saa mbili majira yao ya baridi, na saa moja majira yao ya joto. Kwa hiyo mtu anayetoka kwetu kwenda Ulaya hapati shida kubwa kama anayekwenda Marekani.

Lakini mwenye dawa za kila siku, kama za kisukari, kifafa, shinikizo la damu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, ahesabu muda uliopita tangu dozi ya mwisho, asifuate tu saa ya ukutani. Dozi ya kila saa kumi na mbili ibaki hivyo kadiri iwezekanavyo. Saa moja kabla au baada kwa kawaida si neno. Kuruka dozi nzima ndilo jambo la kuogopa. Anayetumia insulini azungumze na daktari wake kabla ya safari.

Weka dawa zote katika mkoba wa mkononi. Mizigo ya chini hupotea au kuchelewa, na insulini inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Beba cheti cha daktari chenye majina ya dawa zako, na acha dawa katika pakiti zake. Tangu Novemba 2006 viwanja vya Ulaya viliweka kanuni ya kutobeba kimiminika cha zaidi ya mililita 100 mkononi, na vingine sasa vimeilegeza. Dawa na maziwa ya mtoto huruhusiwa kupita kipimo hicho. Waonyeshe wakaguzi bila kuficha.

8. NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Hivi ni vipimo ambavyo madaktari wa usafiri wa anga hutumia kwa kawaida. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari aliyekupima na shirika la ndege.

Mtoto mchanga: asisafirishwe kabla ya kutimiza saa 48 tangu kuzaliwa. Ni vizuri zaidi kungoja siku saba.

Mama mjamzito: mashirika mengi huruhusu hadi mwisho wa wiki ya 36 kwa mimba ya mtoto mmoja isiyo na matatizo, na wiki ya 32 kwa mapacha. Baada ya wiki ya 28 huulizwa barua ya daktari au mkunga.

Aliyefungwa plasta ngumu kwa kuvunjika mfupa: angoje saa 24 kwa safari ya chini ya saa mbili, na saa 48 kwa safari ndefu kuliko hiyo. Hapa muda wa safari una maana: London hadi Roma ni zaidi ya saa mbili, basi ni saa 48. Mguu huvimba ndani ya plasta na kukosa nafasi.

Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua au tumbo: karibu siku kumi.

Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi: angalau wiki moja hadi siku kumi, naye awe ameruhusiwa na daktari.

Mgonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli: akiwa na maumivu makali asipande ndege, na angoje karibu siku kumi baada ya kupata nafuu. Anywe maji mengi na avae nguo za joto. Aliyerithi chembe moja tu, yaani AS, kwa kawaida hana kizuizi.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeambukiza: asipande ndege hata kidogo mpaka daktari athibitishe kwamba haambukizi tena. Shirika la Afya Duniani huwafuatilia hasa waliokaa karibu na mgonjwa kwa muda wa saa nane au zaidi, lakini safari kuwa fupi haimpi mgonjwa ruhusa ya kupanda.

9. TIKETI ISIWE DAKTARI

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Tiketi imelipiwa, ukoo mzima umechanga, mbuzi ameuzwa, na bibi amekwisha agwa. Siku mbili kabla ya safari bibi anabanwa na kifua. Hasemi. Anaona aibu kuwapotezea watoto fedha. Wengine nao wanaona, wananyamaza, wakisema atapona huko huko.

Ndugu wapendwa, fedha ya tiketi huweza kutafutwa tena. Mara nyingine tarehe ya safari hubadilishwa kwa cheti cha daktari, ukiuliza mapema. Mgonjwa akizidiwa angani, hakuna hospitali kwenye mita 11,000. Rubani atatafuta uwanja wa karibu, na hilo huchukua muda ambao mgonjwa huenda hana. Tena akilazwa ng'ambo bila bima, deni lake litazidi nauli mara nyingi. Mzee akisema "sijisikii vizuri" kabla ya safari, amwambie nani kama si nyinyi? Mfanyieni iwe rahisi kusema.

10. HOMA BAADA YA KUFIKA

Jambo la mwisho ni malaria. Mtu huumwa na mbu kwetu, akapanda ndege akiwa mzima, na homa ikamkuta Roma au London wiki moja au zaidi baadaye. Daktari wa huko haoni malaria kila siku, anaweza kudhani ni mafua. Wagonjwa wamekufa Ulaya kwa sababu ya kuchelewa kupimwa damu. Ukipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka nchi yenye malaria, sema neno hili mbele ya daktari: "Nimetoka Afrika, naomba nipimwe malaria leo."

Wakumbusheni pia ndugu wanaokuja likizo ya Noeli baada ya miaka mingi ng'ambo. Kinga waliyokuwa nayo imepungua, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Wapate ushauri wa dawa ya kinga kabla ya kuja, na walale ndani ya chandarua kama wageni.

KWA UFUPI

London na Roma zinatenganishwa na kilomita 1,430 na ushei, muda wa saa mbili na nusu kwa ndege, na saa moja ya ukutani. Kwa mtu mzima wa afya ni safari nyepesi. Kwa mgonjwa ni kupandishwa mlima na kuteremshwa siku hiyo hiyo. Amwone daktari mapema, abebe dawa mkononi, anywe maji, achezeshe miguu, na asifiche ugonjwa.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kwa nini ndege yenye mwendo wa kilomita 850 kwa saa huhitaji muda wa saa mbili na nusu kwa kilomita 1,430?
2. Kwa nini mzazi huvaa barakoa kabla ya kumvalisha mtoto?
3. Nani katika nyumba yetu husafiri kwa basi zaidi ya saa nne? Tumfundishe nini kabla ya safari yake ijayo?
4. Mzee wetu akiugua siku moja kabla ya safari iliyolipiwa, tutafanya nini, na nani atamwambia?